Niliposhindwa Kumsindikiza Faida

Nakumbuka, mwanangu, Alhamisi moja ya mwanzo wa mvua, babu yangu amesimama kwenye mlango wa darasa letu, kofia mkononi, na mimi najifanya simwoni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku hiyo nimevuka mipaka, nimelala katika kambi za wakimbizi, nimezeekea hapa Durban nikilinda magari ya watu kwenye maegesho haya ya Westville, lakini nikifumba macho ni mlango ule ninaouona kwanza. Kaa nikueleze. Hizo waya za masikioni zitoe, simu haikimbii.

Kwetu ni milimani, juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Shule ya misheni ilikuwa chini, kando ya ziwa, na mimi nililala bwenini huko tangu nikiwa na miaka minane. Nyumbani nilipanda likizo tu. Walimu wetu wengi walikuwa Wabelgiji, ila mmoja alikuwa Mfaransa, mtawa mrefu mwenye masikio makubwa, tuliyemwita Furere. Ukutani, karibu na msalaba, alikuwa ametundika ramani aliyoichora kwa mkono wake. Wala haikuwa ramani ya Ufaransa yote. Ilikuwa ya kijiji alikozaliwa, Saint-Orlan, kijiji ambacho hata Wafaransa wenyewe, alituambia akicheka, hupita bila kusimama.

Nikusomee? Bado ninacho chote kichwani, na ndilo balaa lenyewe. Saint-Orlan iko bondeni, kando ya mto mdogo uitwao Lurelle. Unaingia kwa daraja la mawe lenye matao matatu. Ukivuka, kushoto pana mahali pa kufulia, pameezekwa vigae, wanawake wakipiga magoti hapo Jumatatu kufua na kusengenyana. Kulia pana kinu cha kusagia ngano kinachozungushwa na maji. Unapanda kidogo, unatokea uwanjani penye miti mitano, kanisa lenye kengele mbili, duka la mkate, na shule ya chumba kimoja. Nyumba ni za mawe ya manjano. Soko ni Alhamisi. Wakati wa baridi kila nyumba inachinja nguruwe wake kwa zamu, na majirani wanapelekewa nyama, ili mwezi mzima asikose mtu mboga. Zamani walilima mizabibu, kisha akaja mdudu akala mizizi yote, wazee wakalia, wakang'oa, wakapanda ngano. Na katikati ya uwanja pana jiwe lililochongwa majina ya vijana wa kijiji waliokwenda vitani wasirudi. Majina ishirini na matatu. Matatu kati yake ni ya nyumba moja, na nyumba hiyo ni ya kina Furere.

Akifika kwenye jiwe lile, Furere alikuwa akigeukia ubao na kufuta kitu kilichokwisha kufutwa. Sisi tulidhani ni mafua.

Katika kukariri Saint-Orlan sikuwa na mpinzani. Wenzangu walisahau kinu, au waliweka kanisa ng'ambo ya mto, mimi hapana, mimi nilipita kijiji chote bila kukwaa hata jiwe. Wakubwa wa misheni wakija, naitwa mbele. Nilivimba kichwa, mwanangu, usione hizi mvi. Nilianza hata kutembea kama niliyetoka huko.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana hadithi yote imesimama hapo. Kwetu, makaburi ya ukoo yako mbali na nyumba, juu kabisa, na njia ya kufika huko huitwa njia ya majina. Kila mto, kila jiwe, kila mji wa zamani uliohamwa una jina lake. Mtoto akifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, babu yake anamtembeza njia hiyo mwanzo wa mvua, akimtajia na yeye akijibu. Si kwa ajili ya matembezi. Mtu wa kwetu akiwa karibu kufa, mkubwa wa kiume aliye karibu naye hukaa kitandani pake na kumsindikiza kwa mdomo: tunatoka hapa, tunavuka mto fulani, tunapita jiwe fulani, mpaka kwa wazazi wake waliolala kule juu. Ni kama unavyomsindikiza mgeni, humwachi mlangoni, unakwenda naye hatua kadhaa. Na anayefia mbali ndiye anayehitaji zaidi, kwa sababu miguu yake haitarudi.

Padri hakutukataza. Alisema ni sala ya miguu, akatuachia.

Basi Alhamisi ile babu alishuka kutoka mlimani kwa miguu, siku nzima na nusu, kuja kunichukua. Na siku hiyohiyo alikuwa anakuja mkaguzi wa shule, na mimi ndiye wa kukariri. Nilitoka nje nikiwa nimekunja uso.

"Babu, leo siwezi. Mwakani."

Hakunikemea kwa sauti. Babu yangu alikuwa mtu wa kusema kidogo na kukuacha ukilitafuna. Alichungulia ndani, akaitazama ile ramani ukutani, akaniuliza ni nini. Nikamweleza kwa kiburi: ni kijiji cha Furere, nakijua chote, mto, daraja, mpaka majina ya wafu wao.

"Vizuri," akasema. "Ukishiba kwa jirani, mama yako atampikia nani? Mjukuu wangu, siku utakayotakiwa kumsindikiza mwenzio, utampitisha wapi?"

Nikajibu tena, mwakani. Akavaa kofia yake.

"Mwakani," akasema, "ni jina la mtu asiyefika."

Akapanda mlima peke yake. Mimi nikakariri Saint-Orlan, mkaguzi akapiga makofi, nikapewa kalamu yenye mfuniko. Kalamu ile ilipotelea wapi, hata sijui. Babu alikufa kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Na Furere, je? Usidhani alifurahi. Wiki chache baadaye alitupa kazi: kila mmoja achore kijiji chake mwenyewe. Mimi nikachora uwanja katikati, kanisa, na mtoni nikaweka daraja la mawe lenye matao matatu. Akaja nyuma yangu, akaweka kidole kwenye mchoro.

"Daraja hili liko kwenu?"

Kwetu mto tunavuka kwa kukanyaga mawe.

"Nilikufundisha kwangu," akasema, "ili nawe unifundishe kwako. Mimi kwetu wazee wanakwisha, vijana wanahamia mjini, shule ina watoto saba. Ndiyo maana nimekichora. Wewe chako kizima, na unakifuta?"

Alikuwa na machozi, na mimi nikaona ni aibu yake, si yangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliambiwa na wakuu wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, lugha mbili, neno moja, na bado sikusikia.

Nilikuja kuwa mwalimu. Mama yetu akafa nikiwa chuoni, nikafika ameshazikwa siku tisa, nikalia nyumbani, kule juu nisipande. Kisha vita. Hiyo sitaki kuisimulia, tulikimbia, inatosha. Kijiji kilichomwa, waliobaki wakatawanyika, Burundi, Tanzania, Zambia, wengine chini ya ardhi. Mimi na dada yangu Faida, mdogo wangu kwa miaka miwili, tukaangukia hapa Durban na binti yake Aline. Faida alisuka nywele za watu mpaka vidole vikapinda. Tulipanga gorofa Greyville, upande wa uwanja wa mbio za farasi, vyumba viwili, na watoto wa gorofa wakaniita Mwalimu.

Na unajua Mwalimu aliwahadithia nini watoto hao wa Kikongo na Kirundi, jioni za Jumapili? Saint-Orlan. Kinu, kengele mbili, nguruwe wa zamu. Walipenda sana. Faida akikaa pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo, mara anasema, "Yaya, unakumbuka pale kwetu, kwenye chemchemi..." Yaya ndivyo tunavyoita kaka au dada mkubwa. Nami namkatiza: "Ngoja nimalize." Simalizi. Naye anarudi kwenye sombe zake. Jumapili ngapi hizo, mwanangu! Ningezihesabu ningepata kichaa.

Mwaka huu Faida aliugua tumboni. Hospitali walijaribu walichoweza, kisha wakasema ni heri akae na watu wake. Akakaa nasi mwezi mmoja na siku chache, anapungua tu, anapungua, shingo ikawa kama ya mtoto. Alasiri moja ya Jumamosi, huko nje kipaza sauti cha mbio za farasi kinapiga kelele, Aline akanifuata jikoni.

"Mjomba, mama iko nakuita. Anasema ni saa."

Nikakaa kitandani pake. Akanishika kidole hiki cha shahada, kimoja tu, nguvu za kushika mkono mzima hakuwa nazo.

"Yaya," akasema, "unisindikize. Unipeleke kwa mama."

Mkubwa wa kiume katika ukoo wetu, Durban nzima, ni mimi. Hakuna wa kumpigia simu aje. Nikaanza kwa sauti ya ualimu, sauti yangu nzuri:

"Tunatoka ziwani, Faida. Tunaacha soko nyuma. Tunavuka mto Kanyangwe kwa mawe yake saba."

Akatikisa kichwa, ndiyo. Uso ukamlegea, akafumba macho.

"Tunapanda kilima cha Mugeza..."

Mpaka hapo ni njia niliyopanda likizo. Halafu nini? Niliweka mguu mbele na chini hapakuwa na kitu. Nilitafuta, wallahi, mwanangu, nilitafuta kichwa kizima. Kimya kikawa kirefu. Aline ananitazama. Faida anasubiri, macho yamefumba, yuko njiani, amesimama juu ya kilima cha Mugeza hajui aende wapi. Nami kwa hofu ya kile kimya nikafungua mdomo, na ulimi ukashika njia unayoijua:

"Tunateremka bondeni. Tunavuka daraja la mawe. Kushoto wanawake wanafua. Kulia maji yanazungusha kinu. Tunapanda kidogo, kuna uwanja, kuna miti mitano..."

Faida akafumbua macho. Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Yaya," akasema, "hapa ni kwa Furere. Miye sina mutu hapa."

Nililia. Mzee mzima, nililia mbele ya binti. Na yule mgonjwa, mwenye pumzi za kuhesabu, ndiye aliyenibembeleza, akakipapasa kidole changu. Kisha akaanza yeye.

"Ukitoka Mugeza, chemchemi ya Nyamwiza. Bibi mmoja alizaa pale. Unakunywa kwa mkono wa kushoto."

Nikauliza, "Faida, nani alikuambia?"

"Babu. Ile siku ulikataa. Alifika nyumbani hana mutu wa kutembeza. Alisema, twende sisi, hata kama uko mutoto mwanamuke."

Miaka yote ile! Miaka yote tunakula sahani moja, njia nzima ilikuwa imekaa pembeni yangu inachambua sombe. Alikuwa na miaka kumi na moja alipotembezwa, akaishika yote, akaipitisha kwenye vita na kwenye makambi isidondoke hata jina moja, na kila Jumapili alijaribu kunipa, nami nikasema ngoja.

Akaendelea. Alipumzika kati ya jina na jina, nami nikarudia kila moja kama mtoto wa darasa la kwanza, kama nilivyopaswa kurudia kwa babu. Jiwe la Ngoma, ambalo ukiligonga linalia. Mji wa Zamani wa kina Bitondo, migomba imebaki peke yake. Kibwawa cha Vyura. Aline alikuwa amepiga magoti upande wa pili, naye akirudia chinichini.

"Halafu Njia Panda ya Kabirere," Faida akasema. "Hapo iko njia mbili. Moja inaenda kwa watu wengine. Moja ni yetu."

"Ipi, dada? Ya kulia ao ya kushoto?"

Midomo ikasogea. Nikainama mpaka sikio langu likagusa midomo yake, ilikuwa mikavu, nikasikia pumzi tu.

"Faida. Kulia ao kushoto?"

"Eish, mjomba, basi," Aline akasema huku analia. "Muache. Anachoka."

Alikuwa bado anapumua. Amesimama njia panda, ananingoja mimi, mkubwa wake, nimalizie. Nami sikujua. Nikamwambia, "Tumefika, Faida. Huyu hapa mama." Ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu duniani, na lilikuwa uongo. Alipotulia tulisema Baba Yetu, na kule nje watu wakashangilia farasi wao.

Tulimzika hapahapa Durban, kwaya ya parokia iliimba vizuri, Mungu awabariki. Siku ya nane nikamwambia Aline atafute kwenye simu yake, huko kwenye ramani zinazoonyesha dunia kutoka juu. Tafuta Kabirere. Tukatafuta kutwa nzima. Milima yetu tuliipata. Kijani tu, mwanangu. Msitu umerudi, hakuna jina lililoandikwa, hata la mto. Nikasema basi, andika Saint-Orlan. Ikaja mara moja. Daraja lile, matao matatu. Mahali pa kufulia pamekauka. Shule imefungwa, duka la mkate limefungwa, madirisha ya nyumba nyingi yamepigwa mbao, uwanjani hapana mtu hata mmoja. Furere alisema kweli, kijiji chao kimekufa kama chetu. Lakini jiwe lipo. Aline akaisogeza picha karibu, na majina yanasomeka, yote ishirini na matatu, na yale matatu ya kina Furere. Walijua kuchonga. Sisi tulichonga midomoni, na mdomo wangu mimi nilikuwa nimeukodisha.

Nimepiga simu Bujumbura, nimepiga Kigoma, nimempigia mzee mmoja kambini Zambia ambaye hasikii tena. Kulia ama kushoto, hakuna anayejua. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yameshakuwa babu, yana mvi, yanakaa nami hapa maegeshoni.

Sikuambii usisome ya watu. Soma, mwanangu. Kijiji cha Furere kilikuwa kizuri, na aliyekipenda hakunikosea lolote. Jua mito ya Ulaya, jua barabara za Durban na kila roboti, taa hizo za barabarani, hadi bandarini. Ila mkataa kwao ni mtumwa, na anayesema mwakani amekwisha kukataa. Leo ukitoka hapa, nenda kwa yule mama anayekuchosha kwa habari za kwao. Yule anayeanza "unakumbuka" na wewe unashika simu. Mkalishe, muulize jina la mto, muulize nani alizaliwa kwenye chemchemi. Usingoje augue, mgonjwa hana pumzi ya njia ndefu. Muulize mpaka mlangoni, usikubali akuachie njia panda. Usitazame kama ni mwanamume au mwanamke, babu yangu alipokosa wa kiume aliacha mali yote kwa msichana, na msichana ndiye aliyeitunza. Kisha andika, na umwambie mwingine. Aline ameandika majina sita kwenye daftari la saluni. Sita tu tunayo, shika nawe: Kanyangwe, Mugeza, Nyamwiza, Jiwe la Ngoma, Mji wa Zamani, Kibwawa cha Vyura. La saba ni Kabirere, na hapo njia yetu imekatika kwa sababu yangu.

Siku yangu ikifika, nimemwambia Aline asihangaike kutafuta mkubwa wa kiume. Anisindikize yeye, kwa majina yale, polepole, magoti yangu ni mabovu. Akinifikisha njia panda aniache hapo. Faida atakuwa ananisubiri, maana yeye hakuwa mtu wa kuondoka bila mimi, na ataniambia, "Yaya, umechelewa." Nami nitamfuata nyuma kama mtoto, kulia ama kushoto, popote atakaponigeuza.

Mungu akupe masikio kabla ya kukupa mvi. Akuzeeshe katikati ya watu wanaojua ulikotoka. Na siku ya mwisho ya safari yako, mwanangu, akupe mtu mmoja, mmoja tu, wa kukufikisha mpaka mlangoni kwa mama.